Kona ya Kukata Simu

Mimi ni Halimah, na kibanda changu cha samaki kiko pale barabara ya kutoka Bwera kwenda Kasese inapojikunja kuzunguka kilima, ukishapita Kinyamaseke kidogo. Watu wanapaita kona ya kukata simu. Jina hilo halikutoka kwangu. Walipaita wenyewe, kwa sababu ukiingia pale unaongea na mtu, simu inakufa mkononi. Utasema haloo, haloo, mpaka mate yakukauke. Ukitokeza upande wa pili, mtandao huo hapo, umejaa tele, na mwenzako ameshachoka kukungoja.

Watu wa barabara hii tulizoea. Mtu yuko kwenye boda, anaongea, akikiona kile kilima anasema, "Nafika kona, nitakupigia," anakata mwenyewe. Askari walikata. Wake zao kule kambini walijua, mume akinyamaza ghafla basi yuko kona, wala hakuna aliyeuliza. Wachuuzi wa kahawa walikata, walimu walikata. Nimemsikia mwanamke mmoja kwa masikio yangu akimwambia mumewe, "Ngoja nipite kona, nikutukane vizuri." Akakata, akapita, na nina hakika alimtukana vizuri.

Wengine walisimama kabisa kabla ya kona ili wamalize maneno. Sasa mtu amesimama pembeni mwa barabara saa saba mchana, na harufu ya samaki ngege anayekaangwa inamfikia, atakwenda wapi? Ndiyo maana nilihama soko la Bwera nikaja hapa, miaka minne iliyopita, mara tu simu zilipoanza kufa. Nikachoresha na kibao: KATA SIMU HAPA, KULA SAMAKI. Nilikionea fahari kibao kile, nasema ukweli. Leo nikikikumbuka naona aibu.

Lakini hii si habari yangu. Ni habari ya Lakot.

Lakot ni Mwacholi wa kule kaskazini, mwanamke mrefu, mabega mapana, anakula samaki kuanzia kichwani na habakizi mfupa. Aliingia jeshini akiwa msichana wakamfundisha redio. Miaka kumi na tisa alikaa na vile vidude masikioni, anapokea maneno ya wakubwa na kuyapeleka mbele. Jeshi ndilo lililomleta Kasese, na jeshi ndilo lililomwozesha, maana mumewe Omara alikuwa sajini hapo hapo. Lakot alipostaafu, Omara akapata uhamisho. Akapanda lori na masanduku yake, akasema atatuma watu waje wamchukue mke na watoto. Huu ni mwaka wa nane, na hao watu bado wako njiani. Huyo Omara tumwache, simpotezei hata mate yangu.

Mume akiondoka, kambini hukai. Lakot akabeba mabinti zake wawili, akapanga vyumba viwili kule Bulembia, akatafuta kazi. Kuendesha alijifunza kwenye malori ya jeshi, kwa hiyo kampuni moja inayotunza minara ya simu ikamchukua udereva wa ile gari nyeupe yenye nyaya juu ya paa. Mshahara wa gari hilo ndio paa la vyumba vile, ndio karo ya wale watoto. Hana shamba, hana ng'ombe, hana kaka wa karibu. Ana leseni na jina lake tu.

Kazi yenyewe haina uchawi. Ndani ya gari kuna simu zimefungwa kwenye kibao, zinajipigia zenyewe, na kompyuta inaandika ni mnara gani umeishika simu na ni wakati gani unaikabidhi kwa mnara mwingine. Maana simu iliyo kwenye mwendo haiwezi kukaa na mnara mmoja. Wa nyuma unaachia, wa mbele unapokea. Kwa kiinjinia wanaita handova. Lakot alinieleza kwa namna yake, siku ya kwanza tu, anamung'unya kichwa cha ngege.

"Mama Shadiah," aliniambia, maana Shadiah ni binti yangu wa kwanza, "hii ni lindo tu. Askari hapana toka lindoni mpaka mwenzake amefika, amesimama pale, amesema nimepokea. Akisema nimepokea, wewe unaenda kulala. Basi. Hapana kitu ingine."

Mimi nilimwelewa hapo hapo. Yule ambaye kazi yake ilikuwa kuelewa hakuelewa miaka minne, naye alikuwa anaitwa Injinia Mugume.

Huyo Mugume! Viatu vyeupe, kwenye vumbi lote hili. Miwani ya jua juu ya kichwa hata siku ya mvua. Kiswahili alikidharau, alisema ni lugha ya wanajeshi na wezi. Alisema hivyo mbele ya Lakot aliyekuwa mwanajeshi, na mbele yangu mimi niliyezaliwa nacho, kisha akageuka akaniambia kwa Kiswahili hicho hicho, "Mama Samaki, leta kubwa." Kumbe tumbo halidharau lugha.

Alikuwa na cheti. Alinionyesha kwenye simu yake, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika mkia wa samaki. Alipofika huku aliikuta minara inarushiana simu ovyo. Mtu amekaa zake kitini pale Kinyamaseke, simu yake inashikwa na mnara huu, mnara ule, inarudi huu, betri inaisha na maneno yanakatika vipande. Hilo lilikuwa kweli, tulilalamika. Mugume akalipunguza. Handova zikashuka karibu nusu, wakubwa Kampala wakapiga makofi, wakamwandikia cheti cha ufanisi. Alichokipunguza hasa, nilikuja kukijua baadaye, na nitakwambia.

Sasa sikiliza walivyopima hiyo barabara. Kila mwezi walikwenda Bwera asubuhi. Huko kwenda hawapimi, kwa sababu bwana injinia amelala kiti cha nyuma. Wanapima wakati wa kurudi. Wanatoka Bwera, wanapita Kisinga, wanapita Kinyamaseke, kompyuta inaandika vizuri. Wanafika kwangu. Hapo Mugume anasimamisha jaribio, ati betri ya kompyuta isiishe, kisha anakula. Anakula, wallahi, kama mtu aliyetoka jela. Akimaliza ananawa, lakini mafuta ya ngege hayatoki mara moja, na kompyuta ni ya kampuni, haigusi kwa vidole vya mafuta. Anakaa nyuma anapangusa kidole kimoja kimoja na kitambaa huku Lakot anaendesha. Vidole vikikauka, kona imeshapita. Anawasha jaribio kwenye barabara iliyonyooka. Miaka minne! Kona nzima imepimwa kwa kitambaa cha kufutia mikono.

Lakot alimwambia. Alimwambia mara ya kwanza, na mara ya pili, mimi nikiwa nasikia.

"Afande injinia, simu inakufa hapo mbele. Tupite na jaribio."

"Wewe endesha gari," akajibu. "Kampala wanaona simu zote. Hapa iliyokatika vibaya ni moja moja tu. Hesabu inasema safi."

Lakot akafuta usukani. Ila yeye, na ni yeye peke yake barabara nzima, alikuwa hakati simu kwenye kona. Anaongea moja kwa moja mpaka ife. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. "Mimi hapana kata," akasema. "Ikitaka kufa, ikufe yenyewe."

Nilimcheka. Nilidhani ni ukaidi wa jeshi.

Ikaja Ramadhani. Mimi Ramadhani sikaangi mchana, kibanda nakifunga mpaka jioni ya futari. Gari nyeupe ikafika saa ya kawaida, ikakuta mlango umefungwa na jiko limepoa. Mugume akashusha kioo, akapiga honi kwa mkono wa Lakot, akaita, "Mama Samaki! Mama Samaki!" Nilikuwa nyuma ya kibanda natandika mkeka wa kuswalia. Nikamsikia akilaani, tumbo linamuuma kwa njaa, kisha akasema, "Nenda basi, nenda!" Kwa hasira akasahau kusimamisha jaribio.

Wakaingia kona simu zikiwa hewani. Zikafa zote.

Kwenye kompyuta ikatokea alama nyekundu. Alama ya kwanza nyekundu tangu apewe cheti. Sasa wewe ungefanya nini? Ungerudi nyuma ukaangalia. Mugume hakurudi nyuma. Mugume alimgeukia dereva. Akasema umekimbiza gari, umetikisa nyaya, wewe unaendesha kama uko vitani. Na kesho yake akatoa karatasi.

Lakot alikuja kwangu alasiri hiyo, amekuja kwa boda, akakaa kwenye benchi mbele ya kibanda kilichofungwa. Akanisomea ile karatasi, anaifasiri mstari kwa mstari. Ilisema: mimi dereva nakiri kwamba simu zilikatika kwa sababu ya mwendo wangu wa kasi na uzembe wangu. Akisaini anabaki kazini kwa onyo la mwisho. Asiposaini, Alhamisi ya baada ya Iddi, mkubwa wao anakuja kutoka Fort Portal, anaitwa Lillian, atatia sahihi yake na Lakot atakuwa nje.

Nikamwambia, "Dada, saini. Ni karatasi tu. Una watoto."

Akanitazama. Nilimfahamu Lakot miaka minne na sijawahi kutazamwa vile.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "mimi nimepokea maneno ya watu nimeipeleka vile ilikuwa. Mkubwa akitukana, nimepeleka tusi. Mutu amekufa, nimepeleka amekufa. Sikuongeza, sikupunguza. Sasa niandike uwongo, tena juu ya jina yangu? Hapana. Na nani atapatia gari dereva mwenye karatasi kama hii?"

Nikafungua mdomo kusema pole, naye akaniwahi.

"Na wewe, Mama Shadiah. Wewe na hii barabara yote. Munakata simu kabla haijakufa. Kule Kampala wanaona mutu amemaliza maneno yake, ameaga, amekata vizuri. Nani atajua? Munaficha maiti ndani ya nyumba, munaipaka marashi."

Akainuka, akampungia boda aliyekuwa anapita, akaondoka. Nilikasirika, Mungu anisamehe na saumu yangu. Mimi! Mimi ninayemhifadhia vichwa vya samaki! Nikageuka ili niingie ndani, na macho yangu yakakutana na kibao changu. KATA SIMU HAPA. Herufi kubwa, rangi nyekundu, nimelipa fundi.

Ilikuwa kweli. Ndicho kilichoniudhi. Tulimwita Mugume mjinga, na sisi ndio tuliomfagilia njia. Barabara nzima ya watu wenye akili zao, na hakuna hata mmoja aliyelalamika, kwa sababu tumezoea, na mimi kwa sababu nafaidika.

Iddi ikapita. Jumatatu Mugume akanipigia mwenyewe. "Mama Samaki, Alhamisi nakuja na mkubwa. Tafuta ngege wanne, kubwa kubwa. Usiniaibishe."

"Sawa," nikasema.

Nikakaa na hiyo sawa yangu siku tatu. Nikikaanga, atasimamisha jaribio, watakula, atapangusa vidole, kona itapita. Mkubwa ataona kila kitu safi, atatia sahihi, na Lakot atakwenda Bulembia kuwaambia watoto wafunge virago. Nisipokaanga, watapita na simu hewani. Kona itajulikana, na ikijulikana itatengenezwa, na ikitengenezwa nani atasimama hapa? Nilijua vizuri sana. Sitajifanya mtakatifu, Jumatano asubuhi nilikuwa bado nasema nitakaanga.

Kilichonigeuza ni mteja mmoja. Jumatano hiyo mchana alisimama mbele ya kibanda akaniuliza, "Mama, iko samaki?" Kabla sijamjibu simu yake ikalia, akaitazama, akaitazama kona, akaikata bila kuipokea. Akaniambia, ameridhika kabisa, "Nitapokea mbele." Nikamwona alivyo mpole. Nikatuona sote tulivyo wapole.

Alhamisi sikuwasha moto. Nikaving'oa vigingi vya kibao nikakilaza chali nyuma ya kibanda. Nikakaa kwenye kigoda mikono mitupu.

Gari nyeupe ikafika. Lakot yuko kwenye usukani, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Lillian amekaa mbele, mama wa makamo, mfupi, hana makuu. Mugume nyuma na kompyuta mapajani, na kidole chake tayari kimeshabonyeza kusimamisha jaribio.

"Mama Samaki! Iko wapi samaki?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Nilikupigia!"

"Ulinipigia. Na mimi nakwambia hakuna."

Akatoka nje, akachungulia jikoni, akashika hata jiko. Mtume! Mtu na shahada yake anapapasa jiko la mkaa mbele ya mkubwa wake. "Tungoje awashe moto," akamwambia Lillian. "Samaki ya hapa, madam, hutaisahau."

Lillian alikuwa anatazama kompyuta iliyoachwa kitini. "Mbona umesimamisha jaribio?"

"Huwa tunasimamisha hapa. Betri."

"Gari ina chaji."

"Na chakula."

"Kila mara?"

"Kila mara, madam," akasema, tena kwa kujivuna, kama ndio utaratibu mzuri.

Lillian akaitazama kona. Kisha akasema, "Washa. Twende."

Lakot hakunitazama. Aliliondoa gari taratibu, taratibu kuliko mbuzi, akaingia kona akapotea. Nikasimama. Nilimwomba Mungu kitu ambacho sijawahi kumwomba: ya Rabi, isishike, ikate leo kama ilivyokata siku zote.

Wakarudi. Wakaingia tena. Wakarudi tena. Mara ya tatu Lillian akashuka, akatoa simu yake ya mkononi, akampigia mtu wa ofisini kwake Fort Portal, akaingia kona kwa miguu. Mwendo wa miguu! Nikamfuata nyuma kidogo, sikuweza kujizuia. "Unanisikia? Eeh, nakusikia. Nakusikia. Unani... Haloo? Haloo? Haloo!" Mkubwa wa kanda nzima, katikati ya barabara, anapiga haloo kwenye simu iliyokufa, sawa na sisi wote.

Akarudi, akauegemea mlango wa gari. "Nipe ile karatasi ya dereva."

Mugume akaitoa kwenye faili.

"Isome. Kwa Kiswahili, huyu dereva asikie, na huyu mama asikie."

Ndugu yangu, nilimwangalia yule mtu akihangaika na lugha ya wezi. Jasho. "Mimi dereva nakiri... nakiri kwamba... mwendo ya kasi..."

"Kasi gani?" Lillian akauliza.

"Kasi, madam. Alikimbiza."

"Nauliza ngapi. Kompyuta yako inaandika mwendo wa gari kila sekunde. Siku ile inasema ngapi?"

Akafungua. Akatafuta. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi. Hajawahi kuangalia! Amemwandikia mtu karatasi ya kumtupa nje na watoto wake, na ushahidi anao mapajani, na hajaangalia.

"Thelathini na nane," akasema, sauti imekwenda chini.

"Thelathini na nane, afande," Lakot akarudia kwa sauti kubwa, vile walivyomfundisha redioni. "Boda yenye magunia mbili ya mkaa ilinipita."

Lillian akamgeukia. "Wewe unasema ni nini?"

Lakot akasimama wima, mikono ubavuni. "Afande, mnara ile ya kilimani inaangalia mutu anaenda, anaenda, mpaka anapotea. Hapana kabidhi. Mwenzake ya bondeni iko macho, lakini hapana mtu amemwambia kuna mutu anakuja. Jeshini ukiacha lindo hivyo, unafungwa."

"Fungua orodha ya majirani wa mnara wa kilimani," Lillian akamwambia Mugume.

Hapo ndipo nilipojua alichopunguza. Kila mnara una orodha ya minara jirani inayoruhusiwa kukabidhiwa simu, na ambayo haimo kwenye orodha haikabidhiwi, hata iwe inaonekana kwa macho. Mugume alikaa Kasese na ramani, akafuta majirani ili handova zipungue. Mnara wa bondeni haumo. Aliyeufuta jina lake liko pale pale, na tarehe.

"Kwa nini huu?"

"Ramani ilionyesha kilima katikati, madam. Nikaona haifiki."

"Na barabara inazunguka kilima. Hukuja kuangalia?"

Nikamjibia mimi. "Amekuja, mama. Amekuja kila mwezi miaka minne. Amekula samaki."

Lillian akapiga simu Kampala, hatua mbili tu kutoka kwenye jiko langu, kabla ya kona. Akawatajia minara miwili. Nilikuwa sijamaliza kufagia kizingiti, wakasema tayari. Mstari mmoja kwenye orodha! Miaka minne ya haloo haloo, wagonjwa, misiba, biashara, mapenzi, vyote vimesongwa koo kwa mstari mmoja. Gari likapita, likarudi, likapita. Simu hazikufa.

Ile karatasi Lillian aliiweka juu ya boneti, akaandika kwa mkono wake kuukata ukurasa wote: si kweli. Akatia sahihi, akampa Lakot. Lakot akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Hakucheka. Alikuja tu pale kwenye kigoda changu akasimama, akatazama mashimo mawili ya vigingi vya kibao. Akaniwekea mkono begani, mkono mzito wa jeshi, na mimi ndiye niliyelia.

Mnadhani Mugume alifukuzwa? Watu wa namna hiyo hawafukuzwi. Alihamishiwa Kampala, ghorofa ya juu zaidi, nasikia anawafundisha wengine jinsi ya kupunguza handova. Na nasikia kona yangu imo katika picha anazoonyesha, ati tatizo alilolitatua. Cheti kingine kinakuja, bila shaka. Mwache akipangushe na kitambaa.

Mimi wateja wamepungua, zaidi ya nusu. Magari yanapita watu wamo wanaongea, wananipungia mkono wa pili. Wako wachache, wa zamani, mpaka leo wakiona kilima wanakata. Nimewaeleza, wanasema afadhali kukata, kwani mtu anajua? Hao nimewaachia Mungu.

Lakot bado anaendesha. Ila wameleta amri mpya, gari la kupima halisimami popote kati ya Bwera na Kasese, jaribio lisikatizwe. Yaani hata yeye sasa hasimami kwangu. Mara ya kwanza baada ya amri hiyo nilikuwa nakaanga, simu ikalia. Ni yeye. Wana kile kibao cha kushikia simu, anaongea mikono ikiwa kwenye usukani.

"Mama Shadiah. Nimepita Kinyamaseke. Usikate."

"Sikati."

Nikaliona gari. Likapita mbele ya kibanda, Lakot akainua kidole kimoja bila kugeuza shingo, likaingia kona. Nikatazama mkono wangu. Kidole gumba kilikuwa kimeshakaa juu ya kile kitufe chekundu, chenyewe, sikukituma. Nikakiondoa.

"Uko?" akauliza.

"Niko."

"Sema kitu."

Sikuwa na kitu. Sijawahi kuwa na neno la kusema mahali pale, hakuna aliyewahi. Nikashika simu kwa mikono miwili, nasikiliza injini ya gari lake kule nyuma ya kilima, inakwenda, inakwenda, haikatiki.

"Kichwa chako nakuwekea," nikasema mwisho. "Njoo na boda Jumapili, uje na watoto."

Kimya kidogo. Nikadhani imekufa.

"Nimepokea," akasema Lakot.

Samaki alikuwa ameungua upande mmoja. Nikamgeuza.